Taja Jina, Mtoto Atoke

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Masasi, na katika somo hilo kinachonipa raha kuliko vyote ni misemo. Sarufi inawachosha wanafunzi, na mimi pia inanichosha ingawa siwaambii. Lakini ukiwapa msemo, hata wale wa nyuma wanaolala na macho wazi wanaamka.

Juzi tulikuwa tunasoma habari fupi ya binti aliyechelewa kurudi nyumbani, na mama yake, kwa mujibu wa kitabu, akampa "daraja la tatu". Ndivyo Waingereza wanavyosema, ukiufasiri msemo wao neno kwa neno. Nikauliza maana. Mwanafunzi wa kwanza akasema mama amemtabiria binti yake divisheni thrii kwenye mtihani wa taifa. Darasa zima likakubaliana naye, kwa sababu kidato cha nne hawajui daraja la tatu jingine, na wengi wao hilo ndilo wanaloliomba kwa Mungu.

Nikawaambia hapana. Maana yake ni kumbana mtu kwa maswali, moja juu ya jingine, bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi, mpaka aseme kile unachotaka kukisikia. Kuhusu chimbuko lake, nikaeleza kama nilivyosoma. Kuna chama cha zamani chenye siri zake, Frimasoni, ambamo mwanachama hupanda ngazi kwa ngazi, na anayetaka kuingia ya tatu hupitishwa kwenye maswali mazito kuliko ya ngazi mbili za mwanzo. Baadaye neno hilo likahamia kwa polisi wa Marekani, wakaliweka kwenye vile vyumba ambamo mtuhumiwa ananyimwa usingizi na kuwashiwa taa usoni mpaka akiri. Wapo wanaosema polisi walikuwa na hesabu yao wenyewe: kukamatwa ni daraja la kwanza, kutiwa mahabusu ni la pili, na kuhojiwa ndilo la tatu. Wengine wanadhani limetoka kwenye madaraja ya majeraha ya moto, ila ushahidi wa hilo sijauona.

Kutaja Frimasoni mbele ya vijana wa siku hizi ni kujitafutia balaa. Walianza kunitajia matajiri wote wa mjini, nani ana nyoka chumbani na nani alimtoa mwanawe kafara, na ilinibidi nigonge meza kwa dasta. Nikawauliza, sisi tunasemaje? Mmoja akasema kumweka mtu kiti moto. Mwingine akasema kumweka kikaangoni, na huyo nilimsifu, kwa sababu aliyewahi kukaanga korosho na maganda yake anajua mafuta yanavyoruka na moshi mweusi unavyomfukuza kila mtu uani.

Ndipo msichana mmoja, ambaye kwao ni upande wa Newala kama mimi, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, ni kama mzazi anapoambiwa ataje."

Wavulana hawakuelewa. Wasichana wakaangalia madaftari yao. Mimi nilibaki nimeshika chaki. Nilimwambia ndiyo, ni hivyo hivyo, umepata. Kisha nikawapa zoezi waandike, nikaketi.

Kwetu ni Mnyambe, juu kule Newala, na kwetu mimba ya kwanza hurudishwa kwa mama. Mume haulizwi. Miezi ikikaribia, binti anafunga mzigo wake anakwenda kujifungulia mikononi mwa watu wake. Mimi na mume wangu, ambaye ni fundi wa pampu za maji hapa Masasi, tulikuwa na mpango wa kisomi kidogo: nikae Mnyambe kwa heshima, kisha kabla siku hazijatimia nishuke Ndanda nikakae kwa wifi yangu, jirani na hospitali ya misheni. Kliniki walikuwa wameniambia mtoto hajakaa vizuri tumboni. Kila mtu alikubali mpango huo, hata dada yake mama, ambaye mimi namwita Mama mkubwa na ambaye kijiji kizima kinamwogopa.

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa akiwapokea watoto wa Mnyambe kabla watu hawajaanza kwenda zahanati, na kwa siri hata baada ya hapo. Mimi mwenyewe nilianguka mikononi mwake. Ana sauti kubwa, ana mkono mwepesi, na akikasirika anakiacha Kiswahili na kuhamia Chimakonde moja kwa moja.

Niliishi pale vizuri. Asubuhi nilitembea kidogo njiani kama nilivyoelekezwa kliniki, nikiamkia watu, shikamoo huku na shikamoo kule, kila mtu akiitikia marahaba na kuniombea heri. Isipokuwa mzee mmoja. Mzee huyo hakuwahi kuitikia shikamoo yangu tangu nilipojua kusema. Nilipokuwa mdogo nilifikiri ni kiziwi, nikawa namsogelea na kupiga kelele: shikamoo! Anapita, jembe begani, macho mbele. Kwetu mtoto akiamkia asiitikiwe, hilo si jambo dogo, nami nilikuwa nikirudi nyumbani nalia. Mama ananiambia, muache, ana mambo yake. Watu walisema zamani aliongoza kwaya kanisani na sauti yake ilikuwa inasikika mpaka bondeni. Nilichokiona mimi ni kwamba alikaa benchi la mwisho na hakufungua mdomo.

Uchungu ulinijia mapema kuliko tulivyopanga. Ulianza alfajiri, chupa ikapasuka jua linachomoza, na nilimwambia mama anipe simu nimpigie mume wangu aje na gari. Mama akamtazama dada yake. Mama mkubwa akaichukua simu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Kwanza tuone."

Tukaona. Jua likapanda, tukaendelea kuona. Uchungu ulikuja na kuondoka, mtoto hakushuka hata kidogo. Mama mkubwa alinishika tumbo, akanishika tena. Nilimwona anamkonyeza mama, na mama akaenda kufunga mlango. Nilidhani anazuia inzi.

Mama mkubwa akachuchumaa mbele ya uso wangu, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Haya, mwanangu. Mtaje."

Sikuelewa. Nikauliza, "Nimtaje nani?"

"Unayemjua wewe. Mtoto hatoki kwa sababu kuna mtu umemficha. Mtaje, atoke."

Ninyi mnaosoma haya mjini mtacheka, au mtakasirika. Mimi nilishtuka mpaka uchungu ukasimama. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo utotoni, jinsi wanawake wanavyosimulia wakichambua mboga: mzazi akikwama, basi alitembea nje ya ndoa, na mtoto anagoma mpaka jina la mwanamume litamkwe. Nilidhani limekwisha pamoja na mambo mengine ya kale. Nilikuwa na shahada ya ualimu. Nilikuwa na kadi ya kliniki iliyoandikwa wazi kwamba mtoto kakaa vibaya. Na mbele yangu alikuwepo mwanamke aliyenipokea duniani, ananiambia nitaje hawara.

Nikasema sina mtu. Akasema kila mtu husema hivyo mwanzoni. Nikasema nipelekeni hospitali. Akasema, "Ukienda hujataja, utafia njiani, na mtoto naye. Unataka kumuua mtoto kwa kiburi?" Nikalia. Akaongeza sauti. Nilipokaa kimya alisema kimya changu ndilo jibu, na nilipobisha alisema ubishi wangu ndilo jibu. Kisha akaanza kunisaidia kukumbuka.

"Ni yule mwalimu mwenzako aliyekuleta na pikipiki wakati wa msiba?"

"Hapana, Mama mkubwa."

"Mkuu wako wa shule?"

"Mungu wangu!"

"Yule kijana anayeuza salfa ya mikorosho pale Mkunya. Ulisimama naye siku ile ukacheka."

Akashusha sauti kabisa. "Kasisi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamenitazama siku zote hizo. Kila mwanamume niliyemwitikia salamu, kila niliyepanda chombo chake, walikuwa wamemweka akiba wakisubiri siku hii. Nilimgeukia mama. Mama yangu ni mpole, hajawahi kunipiga, alinisomesha peke yake kwa mihogo na korosho baada ya baba yangu kuhamia Nachingwea nikiwa bado natambaa. Nilijua yeye atasimama aseme basi.

Mama alipiga magoti, akanishika mkono, machozi yanamtiririka. Akasema, "Mtaje tu, mwanangu. Taja yeyote. Nakuomba."

Nimefundisha msemo ule wa Waingereza mara nyingi tangu wakati huo, na kila nikiuandika ubaoni nakumbuka neno hilo "yeyote". Mama mkubwa alikuwa anataka ukweli, hata kama ukweli wenyewe ulikuwa haupo. Mama alikuwa anataka nini? Sikuweza kufikiri. Tumbo lilikuwa gumu, mtoto alikuwa amepunguza kucheza tangu asubuhi, na mimi nilihisi hivyo na sikuwa na wa kumwambia. Mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia nisitaje. Nadhani ni hasira tu. Nikiudhiwa huwa nafunga kinywa, hata mume wangu analijua hilo.

Na mume wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amepiga simu tangu asubuhi bila kupokewa, akaazima pikapu ya rafiki yake, akapandisha mpaka Mnyambe. Nikasikia gari limesimama uani, na sauti yake, "Hodi."

Mwanamume haingii chumba cha uzazi, na yeye hakujaribu. Mama mkubwa akatoka nje kumkabili. Ukuta wetu ni wa udongo, kila neno nililisikia.

"Amekataa kutaja," Mama mkubwa akamwambia. "Sasa wewe utaje. Maana siku nyingine mwenye kosa ni baba."

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, akiwa na fundi mwenzake wanaweza kufanya kazi siku nzima wakaambizana tu lete spana. Nikangoja akasirike. Akasema, "Kweli, Mama mkubwa. Nina wengi."

Niliacha hata kulia.

"Nitawataja wote," akaendelea, "mmoja baada ya mwingine, sitaficha hata mmoja. Lakini nitawataja ndani ya gari, tukienda hospitali. Hapa sitaji."

Mama mkubwa alirudi ndani, akachukua kanga ya kutokea, akajitanda, akasema, "Tumwinue."

Walinilaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, kichwa changu kwenye mapaja ya mama. Mama mkubwa alikaa mbele, sikio kwa mume wangu aliyekuwa anaendesha. Kupitia kioo cha nyuma nilimwona anatikisa kichwa, enhe, enhe, na kila baada ya enhe anageuka kunitazama kama mtoto ametoka. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alitaja wasichana wote aliosoma nao darasa la saba, akianzia walioketi dirishani. Alipowamaliza tulikuwa hatujafika bado, ikabidi aingie kwenye darasa la sita.

Kwenye hospitali iliyokuwa karibu walitupokea mlangoni. Muuguzi kijana alinisogelea akaanza kuuliza: uchungu ulianza saa ngapi, chupa imepasuka lini, maji yalikuwa na rangi gani, mtoto unamsikia akicheza, umekunywa dawa yoyote ya kienyeji. Aliuliza haraka haraka, na kila nililomjibu alilifanyia kazi palepale. Mama alikuwa amesimama ukutani, na kila swali lilipoulizwa niliuona mwili wake unaruka. Mwishowe muuguzi alimgeukia akamuuliza, "Mama, kuna kitu kingine?" Mama akaficha uso kwenye kanga.

Mtoto alikuwa amelala mkingamo, bega ndilo lililokuwa mlangoni. Asingetoka hata ningetaja wanaume wote wa mkoa. Walinipasua. Alichelewa kulia, na sitaki kueleza kimya kile kilikuwaje. Kisha alilia. Ni huyu huyu ambaye siku hizi anang'oka meno na kunidai kila jino nilitupe juu ya bati.

Nilipoweza kuzungumza vizuri, mchana mmoja, mama ananilisha uji, nilimuuliza. Nilikuwa nimeliweka swali hilo moyoni likinichoma. Nikasema, "Mama, kwa nini hukumzuia?"

Akakoroga uji. Akasema, "Kwa sababu inafanya kazi."

"Nini kinafanya kazi?"

"Kutaja. Wewe ulikwama hivyo hivyo. Siku nzima. Walinibana, mama yako mkubwa na wengine ambao wameshakufa. Nikawaambia sina mtu, na kweli sikuwa na mtu. Nikaona nakufa. Nikataja. Hapo hapo ukatoka."

Niliuweka mkono wake pembeni na kijiko chake. "Ulimtaja nani, kama hukuwa na mtu?"

Akamtaja. Alikuwa yule mzee asiyeitikia shikamoo yangu.

Nilitaka kuinuka, kidonda kikanirudisha kitandani. Yote yalinijia kwa pamoja: baba yangu kwenda Nachingwea, kwaya, benchi la mwisho, mke wa yule mzee ambaye alirudi kwa ndugu zake kabla sijaanza shule. Maneno ya chumba cha uzazi hayatakiwi kutoka nje ya mlango, lakini yalikuwa yametoka. Na baba alikuwa ameyaamini. Nilikua nikiambiwa alifuata shamba zuri. Nikamwambia mama, nikipiga kelele mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, "Lakini ulisema uongo!"

"Uongo," akakubali. "Lakini ulitoka. Ndiyo maana nilikuambia taja yeyote. Nilikuwa nataka uishi."

Sikuwahi kuona mtu akisema jambo la kutisha kiasi kile kwa upendo kiasi kile. Alikuwa ameliamini maisha yake yote: kwamba mtoto hajali ukweli, anataka jina tu. Alikuwa tayari nivunje ndoa yangu kama alivyovunja yake, mradi nipone. Nilimpenda na nilitaka kumtikisa mabega. Nikamwambia kwamba sitakanyaga Mnyambe na mtoto huyu mpaka amwambie yule mzee. Aliendelea kunilisha.

Nilikanyaga, bila shaka. Arobaini ilikuwa haijafika, na mtu aliyepasuliwa atakwenda kulelewa wapi kama si kwa mama yake? Mama mkubwa alikuja kumwona mtoto akamsifu mume wangu kwa ukweli wake. Mimi na mama tuliongea mambo ya uji na nepi tu.

Asubuhi moja mama alikuwa uani anamenya mihogo, nami nimeketi kizingitini namnyonyesha mtoto. Yule mzee akapita njiani, jembe begani, anakwenda shamba kama kawaida. Nikamwamkia, sijui kwa nini, labda ni mazoea. Hakuitikia. Mama akaweka kisu chini. Akasimama, akatoka mpaka njiani na mikono yake yenye maganda, akasema, "Kaka, simama kidogo."

Mzee akasimama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia sauti ya mama ikimwelekea tangu kabla sijazaliwa.

Mama akasema, "Nilipokuwa namzaa huyu nilikutaja. Haikuwa kweli. Wewe unajua, na mimi najua, lakini sikuwahi kusema. Leo nimesema."

Alisema kwa sauti, na majirani waliokuwa wanafagia waliacha kufagia. Mzee alimgeukia. Nilitegemea matusi, na yangekuwa haki yake. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, yenye mikwaruzo. Aliuliza swali moja.

"Kwa nini mimi?"

Mama hakuwa na mtu wa kumsaidia kujibu. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Ulikuwa unapita. Ulisimama pale nje ukauliza, mzazi anaendeleaje? Wao walikuwa wananiambia taja, taja, na sauti niliyoisikia ni yako."

Nilihisi mtoto ameacha kunyonya. Mzee alishusha jembe begani akaliegemea. Alitazama mahali ambapo mama alikuwa ameonyesha kwa mkono, pale nje ya dirisha, kana kwamba anajitafuta amesimama hapo akiwa kijana. Kisha akageuza uso akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi na mtoto.

Akauliza, "Na huyu mzazi, anaendeleaje?"

Sikujua kama ni uchungu au ni wema, na mpaka leo sijui. Nikamjibu kwamba ninaendelea vizuri. Kisha, kwa kuwa sikuwa na neno jingine, nikamwamkia tena.

Akaitikia.